Traki Nane kwa Kompyuta Mliyonayo: Jibu kwa Kikundi cha Taarabu cha Unguja

Swali: Fundi, assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha taarabu asilia hapa Unguja. Tuna udi, kanuni ya nyuzi, fidla mbili, kodiani, gitaa la besi, ngoma za dumbaki na rika, pamoja na mwimbaji mmoja na waitikiaji wanne. Tuna kompyuta mpakato ya Windows yenye prosesa ya i5 na RAM ya GB 8, miksa ya chaneli 12 yenye tundu la USB, na maiki nne za jukwaani. Tulirekodi nyimbo tatu kwa kuunganisha miksa na kompyuta, lakini tulipofungua programu tukakuta kila kitu kimebanana katika traki mbili, yaani njia mbili tu za sauti: dumbaki imemfunika mwimbaji na hatuwezi kuipunguza. Mmoja ametushauri tununue kompyuta mpya, mwengine miksa kubwa zaidi, na wa tatu anasema tuongeze miksa nyengine ya USB kama hii. Tumechanga shilingi milioni mbili. Tufanyeje?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu zangu. Nimelisoma swali lenu mara mbili, na kabla ya kuzungumzia ununuzi wowote sina budi kuwaambia kwamba mashauri yote matatu mliyopewa hayagusi mahali penye kasoro. Kompyuta yenu inatosha. Miksa kubwa zaidi, ikiwa ni ya aina ileile, itawaletea traki mbili zilezile. Na miksa mbili za USB kwenye kompyuta moja zitawatia katika tatizo jipya, ambalo kulitambua ni kazi ngumu kuliko hili la sasa.

Miksa nyingi za bei nafuu zenye tundu la USB hufanya kazi yake yote kwa analogi. Sauti za chaneli 12 huchanganywa ndani ya miksa hadi zikawa mbili, ya kushoto na ya kulia, na hizo mbili tu ndizo zinazogeuzwa kuwa tarakimu na kupelekwa kwenye kompyuta. Yamaha MG12XU, kwa mfano, ni miksa nzuri ya jukwaani, lakini kwa USB hupeleka chaneli mbili. Kompyuta yenu, basi, haikuzitupa zile chaneli nyingine, haikuwahi kuletewa. Ilipokea mchuzi uliokwisha kuiva, na chumvi ikishayeyuka mchuzini hakuna mwiko wa kuitoa. Idadi ya traki mnazoweza kurekodi kwa wakati mmoja haiamuliwi na kompyuta wala na programu, bali na idadi ya vigeuzi (vinavyogeuza sauti kuwa tarakimu) vilivyomo ndani ya kifaa kinachopokea maiki, pamoja na idadi ya chaneli ambazo kifaa hicho huzipitisha kwa USB. Kifaa hicho ni kadi ya sauti ya nje, ambayo watu wa studio huiita intafesi, nami nitatumia jina hilo.

Kuhusu kuongeza miksa ya pili, kila kifaa cha tarakimu kina saa yake ya ndani inayohesabu sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tuseme saa hizo zinapishana kwa sehemu 20 tu katika milioni: mwisho wa wimbo wa dakika 5 traki za kifaa kimoja zitakuwa zimeachana na za kingine kwa milisekunde 6, na wimbo wa dakika 15, ambao kwenu si jambo la ajabu, utakuwa na pengo la milisekunde 18. Mwanzoni hamtasikia chochote. Mwishoni mtaanza kumlaumu mpiga rika kwamba anachelewa, na mwenyewe hana kosa. Isitoshe, katika Windows mfumo wa kupitisha sauti uitwao ASIO, ambao Steinberg waliutoa mwaka 1997 na ambao ndio unaofaa kwa kazi hii, humpa mwenye programu draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Ziko njia za kuulaghai mfumo huo, lakini hazitibu tofauti ya saa. Sababu hiyohiyo inawaondoa wale wanaotaka kila mtu ajirekodi kwa simu yake kisha mafaili yaunganishwe.

Sasa kompyuta. Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Traki moja ya mono kwa biti 24 na kilohezi 48 hutumia baiti 144,000 kwa sekunde. Traki nane ni kama MB 1.15 kwa sekunde, yaani MB 69 kwa dakika, au kiasi cha GB 4 kwa saa nzima ya kurekodi bila kusita. Hata diski ya zamani ya kuzunguka huandika mara nyingi zaidi ya hapo, na USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, haitoki hata jasho. Teac walipoleta Portastudio mwaka 1979, watu walifurahia traki nne kwenye kaseti ya kawaida, na muziki mwingi mzuri ulitoka humo. Mashine yenu ya i5 ina uwezo wa kurekodi traki nane huku ikiwa karibu imelala. Kitakachoilemea ni kuchanganya baadaye, endapo mtarundika mwangwi na vichujio juu ya kila traki, na hata hapo dawa ni kuvipunguza.

Kinachoharibu rekodi kwenye kompyuta mpakato ni usumbufu, wala si udhaifu. Windows hupenda kuokoa umeme kwa kupunguza kasi ya prosesa na kuzilaza tundu za USB. Wi-Fi hudai huduma kila mara. Kinga ya virusi huamua kukagua diski katikati ya ubeti wa pili. Matokeo yake ni vidonda vidogo katika sauti, "tiki, tiki", ambavyo havifutiki. Kwa hiyo kabla ya siku ya kurekodi wekeni mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, zimeni ulazaji wa tundu za USB, zimeni Wi-Fi na Bluetooth, sitisheni masasisho, na chomekeni intafesi moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanya tundu. Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni draiva gani inayoichelewesha mashine. Iacheni ifanye kazi dakika kumi na mtajua mnashughulika na nani. Ikiwa diski yenu bado ni ile ya kuzunguka, badilisheni muweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hayo ndiyo mabadiliko pekee ya kompyuta ninayoona yanastahili fedha zenu, na sababu yake kubwa ni kwamba diski ya kuzunguka huchakaa, nanyi mtaweka humo kazi ya miezi.

Nije kwenye uamuzi wenyewe: traki ngapi kwa pamoja? Mtaambiwa kwamba intafesi ya maiki mbili inatosha, kwani mnaweza kurekodi udi leo, kanuni kesho, fidla keshokutwa, na kuvipandanisha. Kwa bongofleva ushauri huo ni sahihi kabisa, na ndivyo studio nyingi za vyumbani zinavyofanya kazi. Kwa taarabu asilia naukataa. Mdundo wenu hauendi kwa saa ya kompyuta. Huvutwa kidogo mwimbaji anapomalizia kibwagizo, hurudishwa na dumbaki, na fidla na kanuni hupiga lahani moja kwa mapambo tofauti, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Mkimtenga mpiga kanuni peke yake na hedifoni na mlio wa kuhesabu, atapiga noti zote sawasawa na wimbo utakufa. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kurekodi kwa traki nyingi kulikuwa hakujakuwepo. Walipiga pamoja, na kilichoingia ndicho kilichotoka. Sisemi turudi huko. Nasema wapigaji wapige pamoja kama walivyozoea, na kila mmoja au kila jozi iwe na traki yake, ili dumbaki iweze kupunguzwa bila kumgusa mtu mwingine.

Kwa kikundi chenu hesabu inakwenda hivi: udi, kanuni, fidla mbili kwa maiki moja, kodiani, besi, dumbaki, rika, na maiki ya mwimbaji anayeongoza. Ni nane. Waitikiaji wataingia baadaye, na sauti halisi ya mwimbaji vilevile inaweza kurudiwa baadaye.

Intafesi ya maiki nane, basi, ndiyo mnayoihitaji, na hapa muwe waangalifu na namba zilizoandikwa juu ya boksi. Behringer UMC1820 na Focusrite Scarlett 18i20 zote zina "18" katika majina yao, lakini maiki zinazoweza kuchomekwa moja kwa moja ni nane. Zilizobaki ni njia za kidijitali zinazohitaji kifaa kingine. Scarlett 18i8 ina namba ileile na priampu (vikuza sauti) nne tu za maiki. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ina priampu ngapi za maiki, na zote hufika kwenye kompyuta zikiwa mbalimbali? Akianza kuzungumzia chaneli za miksa, ondokeni. Kwa fedha mlizonazo ningeanza kutafuta UMC1820, mpya au iliyotumika vizuri. Ina pia tundu la kidijitali liitwalo ADAT, ambalo siku mkipata uwezo litawaruhusu kuongeza kisanduku cha maiki nane nyingine kama ADA8200, na hapo saa ni moja kwa sababu kifaa kimoja humfuata mwenziwe. Ikiwa mnapiga harusini mara kwa mara na miksa yenu ya jukwaani imechoka, tafuteni bei ya miksa ya kidijitali ya Behringer XR18: ina priampu 16, hupeleka chaneli 18 kwa USB, huendeshwa kwa tableti, na itawafanyia kazi mbili. Ni ghali zaidi, na ununuzi wa namna hiyo huishia kuwanyima fedha za maiki, kwa hiyo pimeni.

Ile miksa mliyonayo msiiuze. Kama nyuma au juu yake kuna matundu ya insati (ya kutolea na kurudishia sauti ya chaneli moja), waya wa jeki ukisukumwa hadi mlio wa kwanza, usifike mwisho, hutoa sauti ya chaneli hiyo peke yake bila kuikata. Hivyo priampu za miksa zinaweza kulisha matundu ya laini ya intafesi yoyote, na siku mkiazima intafesi yenye priampu chache mtaikumbuka njia hii. Jaribuni nyumbani kwanza, kwa maana waya ukitikisika kidogo sauti hukatika.

Fedha nazigawa hivi: karibu nusu iende kwenye intafesi, theluthi kwenye maiki, stendi na waya, na kinachobaki kwenye hedifoni na SSD. Stendi na waya huonekana ni vitu vya kumalizia; sivyo. Udi uliowekewa maiki nzuri kwenye stendi inayoshuka polepole utasikika mbaya kuliko udi uliowekewa maiki ya kawaida iliyokaa pale ilipowekwa.

Maiki zenu nne za jukwaani, ikiwa ni za dainamiki, zile zisizohitaji umeme, zinatosha kwa dumbaki, rika, kodiani na mwimbaji kiongozi. Kwa udi, kanuni na fidla, ala ambazo uzuri wake umo katika mlio mwembamba wa nyuzi, tafuteni maiki tatu za kondensa zenye kiwambo kidogo; jozi ya bei nafuu kama Behringer C-2 pamoja na moja zaidi itaanza kazi. Hizi huhitaji umeme wa fantomu wa volti 48, ambao intafesi huutoa yenyewe. Mkiuwasha, maiki za dainamiki zilizounganishwa kwa waya mzima wa XLR hazidhuriki. Mkiamua kununua dainamiki mpya, Shure SM57 na SM58 zimekuwapo tangu miaka ya 1960 na bado ni za kutegemewa, lakini bandia zake zimejaa sokoni, Kariakoo na kwingineko. SM58 halisi ina gramu 298. Nendeni na mizani ndogo ya jikoni, na muuzaji akichukia mtakuwa mmepata jibu.

Mpangilio wa ukaaji ni nusu ya kazi. Kaeni kwa umbo la mwezi mchanga ili kila mmoja amwone mwenzake, dumbaki na rika upande mmoja, udi na kanuni upande wa pili, kodiani na fidla katikati. Maiki nyingi mtakazotumia husikia vizuri mbele na vibaya sana nyuma. Kwa hiyo mgongo wa maiki ya udi uelekezwe kwenye dumbaki, na si ubavu. Kanuni moja ya kukumbuka, na hapa sisemi ile ya nyuzi, ni kwamba umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na ala yake. Sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde 3, hivyo mdundo wa dumbaki iliyo mita 3 kutoka kwenye kanuni utaingia katika maiki ya kanuni ukiwa umechelewa kama milisekunde 9, na ukiwa na nguvu utaufanya mdundo mzima uwe na ukungu. Hamwezi kuuzuia kabisa, wala hamna haja ya kuuzuia kabisa. Lengo ni kwamba katika traki ya kanuni, kanuni iwe mwenye nyumba na dumbaki awe mgeni.

Kwa udi anzeni na sentimita 25 hivi, maiki ikitazama kati ya tundu la udi na mahali risha inapogonga. Mkiielekeza kwenye tundu lenyewe mtapata mvumo mzito usio na maneno. Kanuni ni pana, na nyuzi zake huzidi sabini, kwa hiyo maiki ikae juu, kiasi cha nusu mita, ikitazama katikati, la sivyo noti za juu zitakuwa karibu na za chini zitakuwa mbali. Fidla hukwaruza zikisogelewa. Ziacheni mita moja, maiki ikiwa juu yao katikati ya wapigaji wawili. Kodiani ina sauti pande zote mbili na hupumua, hivyo sentimita 60 mbele yake si mbali. Dumbaki sentimita 30 kutoka ukingo wa ngozi. Besi, kwa kuwa ni gitaa la umeme, haihitaji maiki wala spika: ichomekeni kwa jeki kwenye tundu la ala la intafesi, na mpigaji aisikie kwa hedifoni. Jambo hilo moja litakisafisha chumba kuliko vifaa vingi vya gharama, kwa sababu sauti ya besi huingia kila maiki na hakuna godoro linaloizuia.

Chumba ni mada ambayo watu huijibu kwa trei za mayai. Trei za mayai hazifanyi kitu cha maana. Ni nyepesi mno. Chumba chenye sakafu ya marumaru na kuta tupu za saruji kitawapa mwangwi ambao hakuna programu inayouondoa. Tafuteni sebule kubwa yenye mazulia, makochi na mapazia, ongezeni magodoro yaliyosimamishwa kwenye kuta zilizo nyuma ya wapigaji, na mpige makofi katikati ya chumba: mkisikia mlio kama wa chuma unaotetemeka, bado. Rekodini usiku, baada ya isha, wakati pikipiki zimepungua. Zimeni feni, kiyoyozi na friji, na muweke funguo ya gari ya mwenye nyumba ndani ya hilo friji ili asisahau kuliwasha tena anapoondoka. Ikiwa paa ni la bati na wingu limetanda, ahirisheni.

Mkisikia mvumo wa chini usiokoma, mara nyingi ni umeme wa hezi 50 ukipita kwenye njia ya adhi (waya wa ardhini). Chomoeni chaja ya kompyuta. Mvumo ukiondoka, rekodini kwa betri, au hakikisheni kompyuta na intafesi zinatumia ekstensheni moja yenye adhi ya kweli. Intafesi za maiki nane kwa kawaida zina adapta yake, hivyo umeme ukikatika kompyuta itaendelea na betri huku intafesi imezima, na wimbo umeishia hapo. UPS ndogo inaondoa hofu hiyo.

Programu isiwatie wasiwasi. Audacity ni ya bure na naipenda kwa kukatakata sauti, lakini kwa miaka mingi toleo lake la kawaida la Windows halikuja na ASIO kwa sababu za leseni, kwa hiyo mara nyingi liliishia kuonyesha chaneli mbili hata kama intafesi ina nane. Nimewaona watu wakirudisha intafesi nzima dukani kwa sababu hiyo. Tumieni Reaper. Mtaijaribu kwa siku 60 bila kukatiwa kitu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake ya mwaka hayazidi dola 20,000. Ni nyepesi, na haina toleo lililopunguzwa makali. Mwenye Mac aanze na GarageBand ambayo hailipiwi, na mwenye Linux aitazame Ardour. Nakala za wizi za programu kubwa ziacheni, hata kwa sababu moja tu, kwamba virusi vinavyokuja navyo hukaa katika kompyuta ileile yenye rekodi zenu.

Ndani ya Reaper sakinisheni kwanza draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa intafesi, mchague draiva hiyo, biti 24, kilohezi 48. Msishawishiwe na 96 wala 192: mafaili yatakuwa mara mbili au mara nne, na msikilizaji hatapata chochote. Wekeni bafa (akiba ya sauti inayosubiri zamu yake ndani ya kompyuta) sampuli 512 au hata 1,024, kwa sababu wakati mnapiga pamoja hakuna anayejisikiliza kupitia kompyuta, na bafa kubwa huipa mashine nafasi ya kupumua. Anzisheni mradi mpya ndani ya folda yake, muuhifadhi kabla ya kurekodi noti ya kwanza, mfungue traki nane, kila moja mpeni chaneli yake na jina lake. Usiku wenyewe hamtakuwa na subira ya kuandika majina; andikeni mchana. Mimi mwenyewe niliwahi kurekodi kikundi kizima cha kwaya traki zikiwa na namba tu, na wiki mbili baadaye nilimaliza jioni nzima nikibishana na mwalimu wao ni sauti ya tatu au ya nne iliyokuwa inapotea njia.

Viwango vya sauti ndilo kosa la waliozoea kaseti. Enzi hizo tulisukuma geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) juu ili kuufunika mchakacho wa utepe. Biti 24 hazina mchakacho wa kuogopa, na zikipita desibeli sifuri, kilele cha kipimo cha programu, hupasuka bila huruma. Mwambieni mpiga dumbaki apige kwa nguvu zake zote, si zile anazotumia akiwa anajaribiwa, kisha mpunguze geini hadi kilele kifike desibeli hasi 12. Kila mtu huongeza nguvu kidogo bila kujijua mara taa nyekundu ya kurekodi inapowaka, kwa hiyo nafasi hiyo mtaitumia.

Mwimbaji aimbe pamoja na kikundi, akiwa amesimama mbali kidogo na dumbaki, hata mkijua kwamba mtarudia sauti yake. Bila yeye wapigaji hawajui wapi pa kuvuta. Na msifute traki yake hiyo ya kwanza. Mara nyingi ndiyo yenye roho, na iliyorudiwa siku ya pili huwa safi tu. Akirudia, avae hedifoni za kufunika masikio, ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye intafesi na si kupitia kompyuta, kwa sababu bafa ya sampuli 1,024 peke yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 21 kabla ya kuhesabu mengine, na kiasi hicho kinatosha kumfanya aimbe nyuma ya mdundo. Intafesi haiwezi kulisha hedifoni za watu watano. Kisanduku cha kugawa kama HA400 hulisha nne kwa gharama ndogo. Waitikiaji wanne wasimame kwa tao mbele ya maiki moja ya kondensa, mwenye sauti kubwa akirudi hatua moja nyuma. Msiwape maiki nne. Mizani yao waipange wenyewe kwa miguu.

Kila usiku kabla ya kulala nakilini folda nzima kwenye diski ya pili, na diski hiyo isilale nyumba moja na kompyuta. Ikiwa kuchanganya mtampa fundi mwingine, mtoleeni kila traki kama faili la WAV la biti 24, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama kodiani inaingia dakika ya tatu; hapo hatakuwa na haja ya kuwa na programu mliyoitumia.

Zimebaki zile nyimbo tatu mlizokwisha kurekodi. Ziko programu za kutenganisha sauti, mojawapo Spleeter ambayo Deezer waliitoa bure mwaka 2019, na zinaweza kumvuta mwimbaji wenu nje ya dumbaki kwa kiasi ambacho kitawashangaza. Lakini mgawo wake wa kawaida ni mwimbaji, ngoma, besi na "mengineyo", na katika kikundi chenu udi, kanuni, fidla na kodiani vyote vitaangukia kwenye hayo mengineyo, vikiwa na makovu. Zitumieni nyimbo hizo kumsikilizisha mpiga dumbaki namna anavyosikika akiwa karibu na maiki za wenzake, kisha mzirekodi upya zote tatu, mkianza na ile mliyoipiga mara nyingi zaidi.